Joto la Jua, la Ardhi na la Lundo

Mwezi uliopita tulikwenda Mchikichini, Dar es Salaam, kumjulia hali jamaa yetu. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, tulipita karibu na lundo la majani ya migomba na maganda ya machungwa. Lilikuwa likitoka mvuke, na jua lilikuwa halijachomoza. Tulichomeka kijiti katikati, na tulipokitoa kilikuwa cha moto. Wapita njia walitutazama kama watu waliopungukiwa na akili, lakini sisi tulizikumbuka karafuu zetu.

Joto la asili lina asili nyingi. Kubwa ni jua, lililo mbali nasi kiasi cha kilomita milioni 150. Ndilo tanuri letu sisi wakulima, wala halitutozi senti. Jingine limo ardhini. Huko Songwe, karibu na Mbeya, maji hububujika yakiwa ya moto yenyewe. Na Olkaria, karibu na Naivasha katika Kenya, mvuke wa chini ya ardhi waendesha mitambo ya umeme tangu mwaka 1981.

La tatu ni lile la lundo. Vijidudu visivyoonekana kwa macho hula majani mabichi, na katika kula kwao hutoa joto, kama miili yetu itoavyo joto kwa chakula. Lundo likiwa nene, joto hukosa pa kutokea, nalo laweza kupita digrii 60.

Karafuu mbichi nazo ni vivyo hivyo. Zikiachwa guniani usiku kucha, au zikirundikwa kwa hofu ya mvua, hupata joto zenyewe na kuumuka. Hata zikianikwa baadaye hutoka nyeupe-nyeupe, zimesinyaa, na mafuta yake yamepungua. Mkulima hulaumu uchache wa jua, kumbe joto lilizidi, ila si lile alilolitaka. Sisi wenyewe tumewahi kupoteza gunia zima hivyo, kwa kuchelewa kuchambua.

Basi zichambuliwe siku ile ile ya kuchumwa, na asubuhi zitandazwe nyembamba juu ya majamvi. Siku 4 au 5 za jua kali hutosha, na kilo 3 mbichi hutoa karibu kilo 1 kavu. Mvua ikishika, zitandazeni chumbani, mzigeuze mara kwa mara, na mtie mkono katikati. Mkihisi vuguvugu, zipunguzeni unene papo hapo, hata ikiwa ni usiku wa manane.