Kisigino Huru: Somo la Uzito wa Kiatu katika Vilima vya Bukoba na Muleba

Sehemu kubwa ya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, ni safu za vilima zinazokwenda sambamba na ufuko wa Ziwa Viktoria. Vijiji vimekaa juu ya safu hizo. Vijito na vinamasi viko mabondeni. Mtu atokaye kibanjani mwake huko Maruku, Kashozi au Kamachumu, akavuka rweya kwenda shuleni, mtoni au gulioni, hapana budi apande na kushuka. Wengi hufanya hivyo kwa miguu, na mara nyingi wakiwa na mzigo: vitabu, ndoo ya maji, mkungu wa ndizi au gunia la kahawa.

Mtu huyo huuliza mzigo wake una kilo ngapi, lakini ni nadra kuuliza kiatu chake kina gramu ngapi. Hata hivyo, sayansi ya mwendo yaonyesha kwamba gramu zilizo mguuni ni ghali kuliko zilizo mgongoni. Somo hili laeleza kwa nini iko hivyo, kisha lalinganisha ndala na katambuga za Kagera na viatu vya skii vya nchi za theluji, ambavyo mafundi wake walikabili tatizo lile lile.

Gharama ya gramu za mguuni

Mtu anapotembea, kiwiliwili chake husonga mbele kwa mwendo ulio karibu sawasawa. Mguu sivyo. Mguu uliokanyaga umesimama. Kisha huinuka, hurushwa mbele, na husimama tena. Katika kila hatua hapana budi uanzishwe na usimamishwe upya.

Ichukuliwe kwamba mwanafunzi atembea kilometa 5 kwa mwendokasi wa meta 1.2 kwa sekunde, na kwamba kila mguu hukanyaga mara moja katika kila meta 1.25. Kila mguu utainuliwa mara 4,000, yaani mara 8,000 kwa miguu yote miwili. Katika kila sehemu 10 za muda, mguu huwa chini kwa sehemu zipatazo 6. Hivyo hulazimika kumaliza safari yote katika sehemu 4 zilizobaki. Wastani wa mwendokasi wake ukiwa hewani ni 1.2 ÷ 0.4, yaani meta 3 kwa sekunde.

Sasa kila kiatu kiongezwe uzito wa nusu kilo. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara kipeo cha pili cha mwendokasi:

½ × 0.5 × 3 × 3 = jouli 2.25 kwa kila hatua.

Kwa hatua 8,000 ni jouli 18,000. Iwapo mguu huinuliwa sentimeta 10, kazi ya kuinua nusu kilo hiyo ni 0.5 × 10 × 0.1, yaani jouli 0.5 kwa kila hatua, au jouli 4,000 kwa safari nzima. Jumla ni jouli 22,000.

Kwa kulinganisha, kazi ya kupandisha kilo 1 kwenye kilima cha meta 200 ni 1 × 10 × 200, yaani jouli 2,000 tu. Kazi hiyo haiepukiki, iwe kilo hiyo imo begani au miguuni. Zile jouli 22,000 zimetokana, kwa sehemu kubwa, na mahali mzigo ulipowekwa.

Yafaa ikumbukwe kwamba hesabu hii ni ya kukadiria. Mguu hubembea kama timazi, na sehemu ya nishati yake hurudi. Kwa upande mwingine, misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi. Iliyobaki huwa joto. Kwa hiyo vipimo vya watu halisi vyahitajika. Mwaka 1969 watafiti wa Marekani, R. G. Soule na R. F. Goldman, walipima nishati itumiwayo na watu waliobeba uzito kichwani, mikononi na miguuni. Ilionekana kwamba uzito wa miguuni hugharimu mara 4 hadi 6 ya uzito ulio sawa nao katika kiwiliwili, na gharama huongezeka kadiri mwendo unavyokuwa wa kasi.

Mwaka 1986 G. M. O. Maloiy na wenzake walitangaza matokeo mengine kutoka Kenya. Waliwapima wanawake wa Kiluo wanaobeba mizigo kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa ukanda wa kipaji cha uso. Wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kuongeza matumizi ya nishati. Matokeo haya mawili yafunza jambo moja: haitoshi kujua uzito wa mzigo, ni lazima kujua pia mahali ulipo na jinsi unavyosogea.

Mguu kama nyenzo

Mtu apandapo kilima, kisigino huinuka kwanza, na mwili wote huegemea sehemu ya mbele ya mguu, chini ya vidole. Hapo ndipo penye egemeo la nyenzo. Mzigo, yaani uzito wa mwili, hushuka kupitia kifundo cha mguu. Kani hutoka kwenye misuli ya shavu la mguu na huvuta kisigino juu kwa njia ya kano nene iliyo nyuma yake.

Nyenzo hii haiwezi kufanya kazi vizuri ikiwa kisigino kimefungwa au soli haipindi. Mwenye kiatu kigumu hukanyaga kwa mguu mzima, na kazi ya misuli ya shavu huhamia kwenye paja. Kwa hiyo kiatu cha kupandia chahitaji sifa mbili: kiwe chepesi, na kiache kisigino huru.

Fundisho la Telemark

Katika jimbo la Telemark, nchini Norway, watu wa karne ya 19 walisafiri juu ya theluji kwa skii, yaani mbao ndefu nyembamba zifungwazo miguuni. Sondre Norheim, aliyezaliwa huko mwaka 1825, anakumbukwa kwa kutumia kishikizo kilichozunguka nyuma ya kisigino. Kidole kilibaki mahali pake, kisigino kiliweza kuinuka, na bado skii haikumtoka mtu alipogeuka au kuruka. Mtindo wa kushuka huku goti likipinda na kisigino kikiinuka waitwa Telemark hadi leo.

Skii si ngeni kabisa nchini Tanzania. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walifika kilele cha Kibo wakiwa na skii, wakazitumia katika kushuka. Barafu moja ya Kibo, ambayo imepungua sana, ina jina la Furtwängler.

Katika vishikizo vingi vya Telemark, springi hurudisha kisigino chini. Springi hiyo humsaidia mtu kuitawala skii anaposhuka, lakini anapopanda huivuta katika kila hatua, na sehemu ya kazi hiyo hupotea. Katika miaka ya 1980 Fritz Barthel wa Austria alibuni kishikizo chepesi chenye pini mbili ziishikazo ncha ya kiatu kwa pembeni, kama bawaba. Kisigino huinuka bila kuvuta springi yoyote. Baadaye mafundi wa Telemark walichukua wazo hilo: bawaba huru kwa kupanda, springi kwa kushuka.

Ndala, katambuga na mteremko

Ndala ni nyepesi na huacha kisigino huru kabisa. Dosari yake ni kwamba vidole hulazimika kuing'ang'ania, na kwenye mteremko mguu huteleza mbele hadi kigingi chake hung'oka. Wahenga walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Katambuga, iliyokatwa kutoka tairi la gari, ina ukanda wa nyuma. Ukanda huo hufanya kazi ile ile ya kishikizo cha Norheim: haukizuii kisigino kuinuka, bali hukizuia kiatu kubaki nyuma. Dosari yake ni uzito, hasa likitumiwa tairi nene la lori. Fundi aweza kuupunguza kwa kuchagua tairi jembamba la gari dogo na kukata soli ifuate umbo la mguu bila mabaki pembeni.

Bukoba hupata mvua ipatayo milimeta 2,000 kwa mwaka, na udongo uliolowa hupunguza msuguano. Soli iliyolika, hata iwe nyepesi namna gani, ni hatari kwa mwenye mzigo kichwani. Aidha, wepesi usiwe hoja ya kutembea pekupeku. Funza, minyoo ya safura na vijidudu vya pepopunda vyote vyaweza kuingia mwilini kupitia mguu usio na kiatu. Kiatu bora si kile kisicho na uzito, bali kile ambacho kila gramu yake ina kazi.

Majaribio na maswali

1. Pima kwa mizani uzito wa viatu 10 tofauti vya wanafunzi. Panga matokeo katika jedwali.

2. Weka kiatu chenye jiwe la kilo 1 ndani yake juu ya ubao. Inua upande mmoja wa ubao polepole mpaka kiatu kianze kuteleza. Gawanya kimo cha ncha iliyoinuliwa kwa umbali wa mlalo kati ya ncha mbili za ubao. Jibu ni kizigeu cha msuguano. Rudia ubao ukiwa umepakwa tope. Soli ipi hupoteza msuguano zaidi?

3. Mwanafunzi aacha viatu vya gramu 700 kila kimoja na kuvaa vya gramu 300. Kwa kutumia hesabu ya somo hili, apunguza jouli ngapi katika kilometa 5? Jibu: 17,600.

4. Chora mguu unaopanda kilima na uonyeshe egemeo, mzigo na kani. Eleza kinachobadilika iwapo soli haipindi.