Tao Lenye Ncha: Ni la Kanisa?

Tumeletewa suali na ndugu zetu wa bara, katika mji mmoja wa upande wa Nyeri. Msikiti wao umetiwa madirisha ya tao lenye ncha, na baadhi ya jamaa wamekataa kusali humo, wakidai kuwa hilo ni tao la kanisa na kuliiga ni haramu. Hata pesa zimekwisha changwa za kuyavunja.

Si ajabu kudhani hivyo. Wamisionari wa Consolata, kutoka Turin, walifika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, na Waskoti na Waingereza nao wakajenga huko. Aliyelelewa chini ya Mlima Kenya huenda tao hili akalijua kwanza kanisani.

Lakini tarehe yasema mengine. Msikiti wa Ibn Tulun, mjini Cairo, ulimalizwa mwaka 265 Hijria, yaani 879, na matao yake yana ncha. Kanisa la Saint-Denis, karibu na Paris, ambalo huhesabiwa kuwa mwanzo wa ujenzi wa Kigothi, sehemu yake ya madhabahu iliwekwa wakfu mwaka 1144. Wala tusijigambe: Qasr Ibn Wardan, huko Syria, ni jengo la Warumi la karne ya 6, nalo lina matao hayo kabla ya kuja Uislamu.

Tao la nusu duara hufungwa na upana wake: likiwa na upana wa dhiraa sita, kimo chake ni tatu, basi. Lenye ncha huchorwa kwa vigingi viwili na kamba. Mwashi akivisogeza vigingi, hupata kimo akitakacho juu ya upana ule ule. Tena mzigo wake huteremka zaidi, hausukumi ukuta nje sana. Hiyo ndiyo haja waliyokuwa nayo waashi wa makanisa marefu, na haja ya mwashi haina dini.

Na nani katika sisi wa pwani hajaona magofu ya Gedi? Matao yake yenye ncha ni kazi ya Waislamu, kabla mmisionari yeyote hajaukaribia Mlima Kenya.

Kilichokatazwa ni kuiga alama ya dini yao, kama msalaba. Umbo la dirisha si ibada. Kuiacha jamaa kwa ajili yake ndiko kosa, na walioondoka warejee safuni. Pesa zilizochangwa zirudishwe kwa wenyewe, au, kwa idhini yao, zinunue mikeka.