Miji thelathini, macho mawili

Aliyenifundisha kugawa kazi ni betri ya kompyuta yangu. Ni kompyuta mpakato ya mtumba, na ukishaichomoa kwenye sola inanipa saa moja na nusu kabla haijazima. Hapa Igurwa, mkoani Kagera, sishiki mchezo mpaka kazi za shamba ziishe na chakula cha usiku kiliwe, kwa hiyo muda huo ndio wote nilio nao. Kuna msimu nilikuwa na miji thelathini kwenye Freeciv. Nilitaka kuufungua kila mji katika kila zamu, nihamishe raia mmoja kutoka mlimani kwenda mtoni, nibadilishe kinachojengwa, nihesabu ngano. Nikawa namaliza zamu mbili kwa usiku. Vita niliyoianza wakati wa kuchuma kahawa ilikuwa bado haijaisha mibuni ilipotoa maua tena.

Freeciv ni mchezo wa bure. Ulianzishwa na wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1996, kwa mtindo wa Civilization ya Sid Meier. Nimeupenda kwa sababu hauombi intaneti, unaingia kwenye flashi, na unaenda vizuri kwenye mashine kuukuu. Wenye mashine zenye nguvu wanayo Civilization IV ya mwaka 2005, ile inayofunguliwa na wimbo "Baba Yetu" wa Christopher Tin. Wimbo huo umeimbwa kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ulikuwa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kushinda tuzo ya Grammy. Kila ninapousikia najiona mwenyeji katika michezo hii. Ninayoeleza hapa ni ya Freeciv, lakini mchezaji wa Civilization atayatambua mengi.

Nilipochoka kushika kila kitu, nilikimbilia upande wa pili: nikaacha yote yajiendeshe. Zamu zikaenda kasi, nami nikafurahi, mpaka meli za adui zilipotia nanga. Miji minne ya pwani ilianguka mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa imeshiba, ina hekalu na maktaba, lakini hakuna hata mmoja uliokuwa na kuta. Hapo ndipo nilipokaa kitako kujifunza kila mtumishi wa mchezo huu anafanya nini hasa, maana nilikuwa nimewachanganya.

Gavana wa mji hupanga raia tu. Katika kanuni za mchezo ziitwazo classic, mji una viwanja 21 ukijumlisha na kile kilichokaliwa na mji wenyewe, na kazi ya gavana ni kuamua nani alime wapi, nani achimbe, nani awe mtumbuizaji ili watu wasifanye ghasia. Hajengi chochote. Kinachojengwa hutoka kwenye orodha ya kazi, na orodha ikiisha, mshauri wa mji hujichagulia mwenyewe. Kuta zangu zilipotelea hapo: sikuwa nimeandika orodha, nikidhani gavana ataona hatari. Wa tatu ni vibarua wanaochimba mifereji na kutengeneza barabara, ambao ukiwaambia wajiendeshe watatembea nchi nzima bila kukuuliza.

Kati ya hao watatu, vibarua ndio ninaowaachia mapema zaidi. Wanafanya vizuri kuliko unavyotarajia, na wao ndio wanaokula muda mwingi kuliko wote. Nabaki na wawili mkononi kwa ajili ya barabara ya kwenda mpakani, kwa sababu hiyo ni barabara ya jeshi na wao hawajui ninakusudia kupigana na nani.

Orodha ya kazi siiachii mtu. Ninaiandika mara moja, naihifadhi, kisha naimwaga kwenye kila mji mpya: askari, vibarua, ghala, hekalu, maktaba, soko. Mji wa pwani una orodha yake ambamo kuta ziko nafasi ya tatu. Ukishaiandika usiichokoe ovyo. Kuhama katikati ya kazi kutoka jengo kwenda askari, au kutoka askari kwenda jengo, hupoteza nusu ya ngao, yaani nguvu za ujenzi, ulizokwisha kuweka. Na kama unataka kununua, acha mji uanze kazi wenyewe kwanza, hata zamu moja, kwa sababu bei huwa maradufu pale ambapo hakuna ngao hata moja ghalani. Bei yenyewe hupanda kwa kasi kuliko kazi iliyobaki: kwa hesabu ya msingi, jengo lililobakiza ngao 60 ni dhahabu 300, lakini likibakiza 30 ni dhahabu 105. Nusu ya kazi kwa karibu theluthi ya bei. Kuliko kutumia dakika kumi kuhamisha raia wa mji mmoja, pitia orodha ya miji yote utafute majengo yaliyokaribia kwisha uyanunue hayo.

Sasa gavana. Utamkuta na safu mbili za vipimo. Moja ni uzito, yaani unapenda nini zaidi, chakula, ngao, biashara, dhahabu, anasa au sayansi. Nyingine ni ziada ya chini kabisa, yaani kiwango ambacho mji usishuke chini yake. Wengi hucheza na uzito na kuiacha ziada ya chini ikiwa imelegea mno, wakidhani wanamrahisishia kazi. Nami nilifanya hivyo kwa miezi. Kumbe uzito humwambia gavana afanye nini, lakini kile kiwango cha chini ndicho kinachomfanya akuite. Akishindwa kukifikia, hujitoa, anakurudishia mji mkononi, na ujumbe unatokea kwenye skrini. Ukiwa umemwambia kwamba hata upungufu mkubwa wa chakula ni sawa, hatakuita kamwe. Atapanga njaa vizuri sana.

Nilielewa hili shambani kabla ya kulielewa kwenye kompyuta. Mnyauko wa migomba uliingia mkoa wetu wa Kagera mwaka 2006, na tangu hapo anayekusaidia shambani humwambii tu "palilia, punguzia, acha mama, mtoto na mjukuu." Unamwambia pia: ukiona jani limekuwa njano kabla ya wakati, au ndizi zinaiva ovyo kwenye mkungu, acha panga chini uniite. Kazi ya kila siku ni yake. Dalili ile ni yangu.

Kwa hiyo sasa naweka kiwango kikali, karibu kabisa na kile mji unachozalisha leo. Mji ukiwa na ziada ya chakula 3, naandika 2. Mji wa ngao, naubana kwenye ngao. Ni kweli magavana wangu hujiuzulu mara nyingi zaidi, na baadhi ya jumbe ni za bure, mfano mji umekua na raia mpya kaleta manung'uniko. Unalegeza kidogo, unamrudisha kazini, unaendelea. Katika miji thelathini napata jumbe tatu au nne kwa zamu, na hiyo ndiyo miji ninayoifungua; mingine siigusi.

Isipokuwa ile ya kibanja. Kwetu kibanja ndicho kinachoizunguka nyumba, migomba na kahawa na maharage chini yake, na samadi yote huenda hapo. Rweya ni nyasi za mbali unazozitembelea kwa shida maalumu. Mji mkuu, mji wa maajabu na miji miwili ya mpakani ni kibanja changu, na hiyo naishika kwa mkono kila zamu bila gavana; iliyobaki ni rweya. Mji mchanga nao naushika mpaka ufikishe raia watatu, kwa kuwa raia mmoja akiwekwa pabaya hapo ni nusu ya mji au zaidi.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu, hulifananisha jambo hili la kugawa kazi na serikali. Hunikumbusha kwamba mwaka 1972 nchi yetu, Tanzania, ilifuta halmashauri, mambo yakaongozwa na maofisa wa mkoa na wilaya, mpaka sheria za mwaka 1982 zilipozirudisha na zikaanza kazi tena 1984. Na wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kwa kuwa Murongo ya Kyerwa ni mbali ukikaa Kayanga ya Karagwe. Namheshimu, lakini hapo tunatofautiana. Diwani anajua daraja lililokatika kabla ya waziri, kwa kuwa analivuka. Gavana wa mchezo hajui chochote ambacho hukumwambia. Halmashauri unaipa madaraka kwa sababu inaona kuliko wewe. Gavana unampa kazi kwa sababu tu macho yako ni mawili na betri inashuka.

Juzi mpwa wangu alikuwa ameketi kando akisoma jumbe kwa sauti, maana napenda anisomee. "Mjomba, huu wa kisiwani umerudishwa." Nikamwambia pengine umekua tu, alegeze chakula. Akaufungua, akahesabu viwanja, akasema raia ni walewale watano, ila wavuvi wawili hawana pa kuvua. Tukasogeza ramani. Juu ya viwanja vyao viwili vya samaki zilikuwa zimesimama meli mbili za jirani yetu, yule ambaye mpaka hapo vita yetu naye ilikuwa ya kwenye karatasi tu. Kuta zilikuwa zimebakiza ngao 30. Tulikuwa na dhahabu 140. Mpwa wangu akaninyang'anya kipanya akanunua.