Somo la wiki: Waya umekatika au umekatwa?

Familia nyingi hapa Jeddah husafiri kwa gari kwenda Makka, Madina au Taif. Leo tunajifunza vitenzi vya Kiswahili kwa kutumia taa ndogo ya manjano kwenye dashibodi, yenye herufi ABS.

Tusome

ABS huzuia magurudumu yasijifunge dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Gurudumu likijifunga huteleza, na hata ukizungusha usukani gari haligeuki. Bosch na Mercedes-Benz walianza kuuza mfumo huu wa kielektroniki mwaka 1978.

Katika magari mengi kila gurudumu lina sensa ya mwendo. Pikapu nyingine za zamani zina sensa moja tu kwa magurudumu yote ya nyuma. Mara nyingi sensa hukaa karibu na pete ya chuma yenye meno, inayozunguka pamoja na gurudumu. Meno yakipita, sensa hupeleka habari kwenye kompyuta ya breki.

Angalizo: msiichanganye na sensa ya watu, kama ile ya Tanzania ya mwaka 2022. Neno ni moja, maana ni mbili.

Taa ikiwaka njiani

Taa ya ABS ikiwaka peke yake, kwa kawaida breki bado zinashika, ila ABS haifanyi kazi. Punguza mwendo, acha nafasi kubwa mbele yako, kisha mwone fundi. Usiteremke mlima wa Al-Hada kutoka Taif kabla gari halijakaguliwa. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, na breki ya mkono imeshushwa, simama mahali salama. Usiendelee.

Fundi hutafutaje tatizo?

1. Husoma namba ya hitilafu kwa mashine.
2. Hutazama kwa macho: soketi imelegea? Waya umekatika? Pete imepasuka? Sensa imechafuka kwa vumbi la chuma?
3. Hutikisa gurudumu kuona kama beringi imelegea.
4. Huendesha gari huku msaidizi akitazama mashine. Magurudumu matatu yakionyesha 30 na moja likionyesha 0, hapo ndipo pa kuchunguza.

Dalili nyingine: pedali inatetemeka gari likikaribia kusimama kwenye lami kavu, ingawa breki imekanyagwa taratibu. Mara nyingi sensa imechafuka au pete imepasuka.

Namba ya hitilafu ikitaja sensa ya mbele kulia, haina maana kwamba sensa hiyo imekufa. Huenda ni waya wake tu. Ukinunua sensa mpya kabla ya kutazama, unaweza kutoa pesa na taa ikabaki inawaka.

Sarufi: kitenzi cha kueleza hali

- kata: katwa, katika
- vunja: vunjwa, vunjika
- pasua: pasuliwa, pasuka
- chafua: chafuliwa, chafuka

"Waya umekatwa" inaonyesha kuna mtu aliyeukata. "Waya umekatika" inaeleza hali tu, bila kumlaumu mtu. Mkimweleza fundi tatizo, tumieni kitenzi cha hali: semeni mlichokiona, sababu itafutwe kwa kipimo. Hospitalini tunafanya hivyo hivyo. "Mtoto ana homa" tunaweza kuiandika mara moja. "Ana malaria" husubiri kipimo.

Zoezi

Jaza kwa kitenzi kilicho kwenye mabano.

1. Fundi ame____ waya mrefu. (kata)
2. Pete ya gurudumu la nyuma ime____ yenyewe. (pasua)
3. Sensa ime____ kwa vumbi. (chafua)
4. Nyaya mbili zime____ na panya. (kata)

Kazi ya nyumbani na mzazi

Mzazi awashe swichi bila kupiga injini. Taa ya ABS huwaka kwanza, kisha huzimika mfumo ukimaliza kujikagua. Katika magari mengine huzimika baada ya kuanza kwenda. Isipowaka kabisa, hiyo nayo ni hitilafu, na ni jambo la kukagua mnaponunua gari lililotumika. Mtoto aeleze alichokiona kwa sentensi tatu za Kiswahili. Watoto wasiingie chini ya gari.

Njooni na majibu darasani tuyasahihishe pamoja.