Presha ya uja uzito: Ikishuka, usiisahau

Je, ulipokuwa mja mzito uliwahi kuambiwa kwamba shinikizo lako la damu, au presha kama wengi wetu tunavyoliita, limepanda? Huenda ulipewa dawa, ukajifungua salama na baada ya wiki chache ukaelezwa kuwa presha imeshuka. Ulikiweka kitabu cha kliniki kabatini, ukasahau.

Akina mama wengi hufanya hivyo. Hata hivyo, wataalamu wamegundua kwamba yanayompata mwanamke wakati wa uja uzito yanaweza kutoa onyo kuhusu moyo wake miaka mingi baadaye.

Uja uzito ni mtihani kwa moyo. Damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu, na moyo hulazimika kufanya kazi zaidi ili mtoto apate chakula na hewa. Kwa baadhi ya akina mama, presha hupanda baada ya wiki ya 20 na protini huonekana katika mkojo. Hali hiyo isipotibiwa mapema yaweza kuleta kifafa cha mimba, ambacho huua mama na mtoto.

Zamani ilidhaniwa kwamba mtoto na kondo la nyuma vikishatoka, ugonjwa umekwisha. Lakini mwaka wa 2007 jarida la British Medical Journal la Uingereza lilichapisha matokeo ya uchunguzi mbalimbali uliohusu wanawake zaidi ya milioni tatu. Ilibainika kwamba waliopatwa na hali hiyo walikuwa na hatari takriban mara mbili ya kuugua moyo au kupatwa na kiharusi baadaye, wakilinganishwa na wenzao. Hatari ya kuwa na presha ya kudumu ilizidi mara tatu.

Kwa nini? Huenda mishipa ya damu ya mama ilikuwa na udhaifu tangu awali na uja uzito ukaufichua tu. Pia, huenda ugonjwa wenyewe huacha madhara katika mishipa hiyo.

Presha si jambo pekee la kuangaliwa. Kisukari kilichoanza wakati wa uja uzito, kuzaa mtoto kabla ya wiki ya 37, na hedhi kukoma kabla ya umri wa miaka 45 pia huhusishwa na ongezeko la magonjwa ya moyo.

Usiingiwe na hofu, mama. Hii si hukumu. Wengi waliopatwa na matatizo haya huishi bila kuugua moyo. Faida yako ni kwamba umeonywa mapema. Fanya yafuatayo:

1. Hifadhi kitabu cha kliniki hata baada ya mtoto kukua. Ukienda kwa daktari kwa maradhi yoyote, mweleze yaliyokupata, hata asipokuuliza.

2. Pimwa presha angalau mara moja kwa mwaka. Presha haiumi; mtu aweza kuwa nayo kwa miaka mingi bila kujua.

3. Kama ulikuwa na kisukari cha uja uzito, pimwa sukari kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha uendelee kupimwa kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu.

4. Punguza chumvi na mafuta, tembea kwa miguu kila siku, na usivute sigara.

5. Ukipewa dawa za presha, usiziache kwa sababu unajihisi vizuri. Ukitaka kupata mimba nyingine, mwone daktari kwanza, kwani baadhi ya dawa hizo humdhuru mtoto tumboni.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, kitafute kile kitabu cha kliniki ulichokiweka kabatini. Ukikuta imeandikwa kwamba presha yako ilipanda, panga siku ya kupimwa wiki hii.