KUANDIKIANA DENI

Ndugu zetu Waislamu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani si ya Sala, wala ya Saumu, wala ya Hija. Ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, nayo yazungumzia deni na namna ya kuliandika. Twaisoma kila Ramadhani, kisha twatoka msikitini tukakopeshana barazani kwa maneno matupu!

Ukimwambia mtu, "Na tuandikiane," hukunja uso akasema, "Kwani huniamini?" Ajabu ni kuwa watu hawa hawa, wakiwa na harusi, huandika katika daftari mchango wa kila mtu, jina kwa jina na shilingi kwa shilingi, wala hakuna aonaye kuwa amevunjiwa heshima.

Na tuitazame aya yenyewe. Yataka muda wa kulipa ujulikane, mwandishi awe mwadilifu, wala asikatae kuandika, wawepo mashahidi, wala tusichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Biashara ya mkono kwa mkono imesamehewa. Lakini liko jambo ambalo wengi hulipita bila ya kulizingatia: anayeamrishwa kuyatamka maneno ya kuandikwa ni mwenye kudaiwa, si mwenye kudai. Kwa nini? Kwa sababu maneno yake ni ikrari juu ya nafsi yake mwenyewe. Tena siku ya kukopa mwenye mali ndiye mwenye nguvu, na mkopaji ni mwenye haja. Lau mwenye mali ndiye angetamka, angeweza kuongeza atakalo, na mwenye shida akanyamaza. Na ikiwa mdaiwa ni dhaifu au hawezi kutamka, walii wake atatamka badala yake kwa uadilifu. Basi hati ile humlinda mnyonge kama imlindavyo tajiri, nasi twaiona kama kwamba ni tusi!

Wanavyuoni wengi wamesema kuwa amri hii ni ya sunna, kwa kuwa aya inayofuata imewataja watu wanaoaminiana. Na wako waliosema ni wajibu. Hatutaki kuingia katika ubishi huo hapa, illa tutasema kuwa neno "sunna" si ruhusa ya kupuuza.

Madhara hudhihiri mauti yafikapo. Mtu ampa nduguye shilingi elfu hamsini anunue mashine ya mashua. Mtoaji amekusudia mkopo. Mpokeaji amefahamu kuwa ni sharika. Wote wawili ni wakweli. Baada ya miaka mitano mmoja wao afariki. Je, mjane amwamini nani? Urithi haugawanywi ila baada ya wasia na deni, kama ilivyo katika Sura ya An-Nisaa. Na deni lisilojulikana litalipwaje? Ama mayatima watakula haki ya mtu bila ya kujua, ama atatokea mdai mwongo awanyang'anye iliyo yao. Na imesihi katika Hadithi kuwa Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari tatu, wala hakuacha kitu. Akawaambia Masahaba wamsalie mwenzao. Abu Qatada (R.A.) alipojitwika deni lile, ndipo Mtume alipomsalia.

Wako wasemao kuwa siku hizi karatasi haina haja, kwa kuwa fedha hupelekwa kwa M-Pesa, iliyoanza hapa Kenya mwaka 2007, na ujumbe hubaki katika simu. Ni kweli, ujumbe huo waonyesha aliyetuma, aliyepokea, kiasi na saa. Lakini hausemi kama ni mkopo, au amana, au sadaka, au mahari. Basi mpokeaji na amwandikie mwenzake papo hapo: "Nimepokea kwako mkopo wa shilingi kadha, nitalipa tarehe fulani." Huko ndiko kutamka kwa mdaiwa. Kisha wawaonyeshe watu wawili.

Na mwenye deni la zamani lisiloandikwa asingoje kuugua. Aende yeye kwa mdai wake kabla ya kuitwa. Akiwa hana cha kulipa, aya ya 280 ya sura hiyo hiyo yamtaka mdai ampe nafasi mpaka apate wasaa. Muda huo mpya nao uandikwe chini ya ule wa kwanza, pamoja na tarehe yake.