Kifua cha Mtoto Mchanga

Wazazi wengi wamtazamapo mtoto aliyezaliwa karibuni huona kichwa kikubwa na kifua kidogo, wakadhani ana kasoro. Si kasoro, ndivyo alivyoumbwa. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huzaliwa na kichwa cha mzingo wa sentimita 35 hivi, na kifua cha sentimita 33 hivi.

Kifua hicho ni cha mviringo kama pipa, kwa kuwa mbavu zimelala sawasawa, hazikuinama kama zetu. Kwa hiyo hawezi kukitanua sana. Msuli mpana ulio chini ya mapafu ndio ufanyao kazi, na tumbo ndilo lionekanalo kupanda na kushuka. Aanzapo kuketi na kusimama, mbavu huinama mbele kidogo kidogo, na kifua hupanuka ubavuni. Apatapo mwaka 1 hivi, kifua hulingana na kichwa, kisha hukipita. Mwaweza kupima kwa uzi, mkiuzungusha usawa wa chuchu. Mtoto wa miaka 2 ambaye kifua chake bado ni kidogo kuliko kichwa, huenda hapati chakula cha kutosha.

Tena, matiti ya mtoto mchanga, wa kike au wa kiume, huweza kuvimba kwa sababu ya homoni za mama yake. Yasikamuliwe kamwe, maana kukamua huleta jipu. Yatanywea yenyewe.

Lakini lililo kubwa ni hili. Mtoto akikohoa au akiwa mgonjwa, mfunueni kifua akiwa ametulia, mhesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima. Aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni haraka mno. Wa miezi 2 hata 11, pumzi 50. Wa mwaka 1 hata kabla ya kutimiza 5, pumzi 40. Tena, ikiwa avutapo pumzi sehemu ya chini ya kifua hubonyea sana ndani, mapafu yana taabu, na huenda ni kichomi. Mtoto huyo asingojeshwe hata kesho kwa kusuguliwa dawa kifuani. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Twawaomba walimu na wakuu wa vijiji wawasomee wazazi maneno haya. Kuhesabu pumzi hakuna gharama, na kuchelewa kwaweza kuondoa roho ya mtoto.